Wasomaji Wanauliza: Picha ya Maktaba, Kazi ya Mwanafunzi

Katika toleo lililopita tuligusia zoezi ambalo baadhi ya wanafunzi wa sanaa hapa Dar es Salaam wamepewa na walimu wao: kutafuta picha, ramani au maandiko ambayo maktaba zimeyaweka mtandaoni, na kutokana nayo kutengeneza kazi mpya. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Nimechagua sita, nikafupisha pale mwandishi aliporudia, na majibu nimeyapa urefu ambao swali lenyewe liliudai.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ninasomea usanifu wa vitambaa. Kwa ajili ya zoezi hilo nilipata picha ya zamani ya mwanamke wa pwani aliyejifunga kanga, iliyopigwa na Walther Dobbertin. Nilinakili maua ya kanga yake kwa penseli, nikayakuza na kuyapanga upya katika pindo na mji wa kanga yangu. Yule mwanamke mwenyewe sikumchora. Mwenzangu anasema nimeiba mara mbili: kwa mpiga picha na kwa aliyeibuni kanga ile. Je, kazi hii ni yangu? — Mwanafunzi, Sinza

Marahaba, mwanangu. Mwenzako amekosea kuhusu wizi, ila amegusa jambo la kweli, kwamba picha moja inaweza kubeba haki za watu zaidi ya mmoja. Dobbertin, ambaye alifanya kazi katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani, alikuwa na haki juu ya picha aliyoipiga: mahali alipoisimamisha kamera, mwanga aliousubiri, na vitu alivyoamua kuviacha nje ya fremu. Maua ya kanga hakuyabuni yeye. Aliyeyabuni huenda alikuwa mchoraji wa kiwandani ambaye hakuwahi kuiona pwani yetu, kwa kuwa kanga nyingi za enzi zile zilichapwa Ulaya, Uholanzi na Uingereza zikiwamo, kisha zikaletwa na wafanyabiashara waliokuwa wakijua kina mama wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wanataka nini msimu ule.

Tuanze na mpiga picha. Mwezi Desemba 2008 Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani, ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa Wikimedia Commons, hazina huru ya picha mtandaoni, na picha za Dobbertin za Afrika Mashariki zimo humo. Zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa iliyoandikwa mapema ikieleza masharti ya kuitumia kazi, na hii inaandikwa CC BY-SA 3.0. Herufi hizo zina maana, nazo si mapambo. BY inakutaka umtaje mwenye kazi na useme kama umeibadilisha; SA inakutaka kazi uliyoizalisha kutokana na ile ya kwanza uitoe kwa leseni hiyohiyo, ili na mwingine aweze kuijenga juu ya yako. Leseni hii haikukatazi kuuza. Inayokataza biashara ina herufi NC, na inayokataza kubadilisha ina herufi ND. Ukiona ND, iache picha hiyo kabisa, kwa sababu zoezi lenu lote ni la kubadilisha.

Mtu anaweza kubisha kwamba ukichukua maua peke yake, ukayachora upya kwa mkono, hujaitumia picha ya Dobbertin hata kidogo. Huenda ana hoja. Lakini kumtaja hakukugharimu kitu, na kunampa mtazamaji njia ya kurudi kwenye chanzo akaona ulianzia wapi. Si lazima maneno hayo yachapwe kwenye kitambaa. Kibandiko kilicho kando ya kazi siku ya maonyesho kinatosha. Andika jina la mpiga picha, jina la hifadhi, namba ya picha kama ilivyo kwenye rekodi, leseni, na maneno machache ya kueleza ulichokibadilisha.

Sasa suala la upya, ambalo naona ndilo linalokusumbua zaidi. Nimeona wanafunzi wengi wakiipaka picha ya zamani rangi ya machungwa, wakaiongezea mikwaruzo ya kompyuta, wakasema wamemaliza. Mtu akiifunika kazi ya namna hiyo kwa kiganja, hakosi chochote ambacho hakikuwamo kwenye picha ya mwanzo. Wewe umefanya kinyume chake. Ulimwondoa mtu ambaye kamera ililenga kumwonyesha, ukabakiza kitu alichokichagua yeye mwenyewe asubuhi ile alipokuwa akijifunga. Huo ni uamuzi wa msanii, na ni wako.

Nina ombi moja. Barua yako imetaja pindo na mji, haikutaja jina. Kanga bila jina ni kitambaa tu, na unajua kina mama wanavyoisoma kanga kabla hawajauliza bei. Rudi kwenye rekodi ya picha ile. Katika mikusanyo ya wakati huo utakuta mara nyingi jina la mpiga picha, jina la mji, pengine kabila au kazi ya aliyepigwa picha, lakini jina lake mwenyewe halimo. Kama ningekuwa mimi, kanga yako ningeiandika: PICHA UMECHUKUA JINA HUKUULIZA. Ukiyataka maneno hayo, nimekupa. Ukiwa na yako yaliyo bora, yatumie hayo.

Mhariri, salaam. Nilipata mtandaoni picha nzuri ya bandari yetu, majahazi yametia nanga na kanisa la Azania Front linaonekana nyuma. Niliipeleka kwa mchapaji Kariakoo anichapie kwa ukubwa wa A2 ili niibandike kwenye ubao na kuichora juu yake. Ilitoka imevunjika vinukta, kama sakafu ya vigae. Mchapaji anasema kosa ni la faili, mimi nasema ni la mashine yake. — Mwanafunzi, Temeke

Mchapaji wako yuko sahihi, na usimdai fedha. Bila shaka ulihifadhi ile picha ndogo inayoonekana kwenye ukurasa wa matokeo, ambayo huwekwa ili ukurasa ufunguke haraka. Hiyo si picha ya kuchapa, ni ya kutazama tu.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ningependa kila mwanafunzi aiandike kwenye jalada la daftari lake. Ili chapa isomeke vizuri kwa karibu, tunahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A3 kwa kiwango hicho inahitaji pikseli, yaani nukta za picha, 3,508 kwa 4,961, na A2 inahitaji 4,961 kwa 7,016. Picha yenye upana wa pikseli 800, ukiitandaza kwenye upana wa A2, ambao ni sentimita 42, inakupa nukta zisizofika 50 kwa inchi. Ndivyo vigae ulivyoviona. Kanga ni ngumu zaidi: yenye sentimita 150 kwa 110, hata ukishusha kiwango hadi nukta 150 kwa inchi, inataka karibu pikseli 8,900 kwa 6,500. Ni picha chache za maktaba zinazofika hapo, na ndiyo sababu yule dada wa Sinza alifanya vyema kuchora upya kwa mkono.

Kwa hiyo, ukiipata picha, usiihifadhi palepale. Fungua ukurasa wa rekodi yake, tafuta kitufe cha kupakua, na uchague ukubwa wa mwisho kabisa. Picha ikiwapo kwa aina mbili za faili, JPEG na TIFF, chukua TIFF kama kazi ni ya kuchapa kwa ukubwa. Maktaba nyingi siku hizi hutumia utaratibu unaoitwa IIIF, unaokuwezesha kuivuta picha karibu hadi ukaona uzi wa tanga la jahazi, na hata kukata kipande kimoja tu kwa ukubwa wake kamili. Usiikuze picha ndogo kwa programu ukidhani utapata maelezo ambayo hayakuwamo. Programu itabuni, na itakubunia madirisha ya kanisa ambayo hayajawahi kujengwa.

Kama faili kubwa halipo, badili mbinu, usibadili picha. Chapa ya ubao uliochongwa na chapa ya skrini, ile ya kusukuma wino kupitia wavu, hazihitaji pikseli nyingi. Zinahitaji jicho linalojua ni mstari gani ubaki na upi uondoke. Hilo kanisa lilijengwa kati ya 1898 na 1902 na bado lipo Kivukoni, nauli ya daladala tu. Nenda ukasimame mbele yake na penseli, kisha uone picha ya maktaba ilificha nini.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari Mbagala. Wanafunzi wangu wachache wanaosoma sanaa wamelisikia zoezi hili na wanalitaka, lakini shule haina intaneti ya kuaminika na bando ni la mfukoni mwangu. Je, inawezekana? — Mwalimu, Mbagala

Inawezekana, Mwalimu, mradi kazi ya kupakua ifanywe mara moja na mtu mmoja. Picha 20 za JPEG zenye megabaiti nne kila moja ni megabaiti 80, kiasi ambacho bando la kawaida linamudu. TIFF ziache, kwa maana moja peke yake inaweza kuzidi megabaiti 100. Ziweke kwenye flashi, na kwa kila picha andika kwenye karatasi namba yake, jina la maktaba na leseni yake, kisha uzisambaze darasani. Baada ya hapo mtandao hauna kazi tena. Zinabaki mkasi, gundi na rangi.

Ili usihangaike na leseni kwa kuanzia, chukua kwenye mikusanyo iliyo wazi kabisa. Maktaba ya Umma ya New York ilifungua zaidi ya picha 180,000 mwezi Januari 2016, ambazo hazina hakimiliki huko Marekani na mtu anazipakua bila kuomba ruhusa. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilifuata Februari 2020 na picha milioni 2.8. Na wanafunzi wako wakiweza kufika mjini, wapeleke Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, hata kama siku hiyo hawatagusa kompyuta. Mtoto ambaye hajawahi kushika gazeti la zamani lililojalidiwa hataelewa kwa nini picha yake ya kidijitali ina mkunjo katikati.

Jambo moja zaidi: usiwategemeze kwenye kiungo cha mtandao. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Waliokuwa na nakala kwenye flashi waliendelea na kazi.

Mambo vipi Mwalimu, au niseme shikamoo. Mimi ni mchoraji, sijasoma chuo, nimejifunzia Msasani kwa mjomba. Katika mkusanyo wa maktaba moja ya nje nimeona picha za kazi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Nataka kuzichukua, nizikatekate kwenye kompyuta na kutengeneza kolaji za kuuza. Kuna wanaosema Tingatinga ni ya Watanzania wote, kuna wanaosema nitashitakiwa. — Kijana, Msasani

Sema shikamoo, nami nitaitika marahaba.

Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mtindo wa Tingatinga, yaani mnyama mmoja mkubwa, mandhari ya rangi moja, vidoti, na rangi ya enameli inayong'aa kama baiskeli mpya, haumilikiwi na mtu, kwa sababu hakimiliki hulinda kazi iliyofanywa na hailindi namna ya kufanya. Ndiyo maana mjomba wako amekuwa akichora chui wake miaka yote bila kuulizwa. Mchoro mmoja mahususi ni jambo jingine. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda katika maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na alifariki 1972, kwa hiyo kwa hesabu ya sheria ya hapa muda wa michoro aliyoichora kwa mkono wake umekwisha. Nasema kwa mkono wake, kwa kuwa kazi za wanafunzi wake na za waliowafuata hao, ambao wengi tunakutana nao Oysterbay, bado zinalindwa. George Lilanga, kwa mfano, ambaye watu wasiojua humweka katika kapu hilohilo, alifariki 2005. Kazi zake zisiguswe bila ruhusa hadi 2055 ipite.

Mtego wa pili uko nje ya mipaka. Nchi nyingi za Ulaya huhesabu miaka 70 na si 50, kwa hiyo kama unafikiria kuuza kolaji hizo kwa mteja wa Ulaya kupitia mtandao, ulizia kwanza, na ofisi ya COSOTA, inayosimamia hakimiliki Tanzania Bara, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa walio Zanzibar, sheria ni nyingine na ofisi ni COSOZA.

Vipi kuhusu maktaba yenyewe iliyopiga picha michoro hiyo? Kuna taasisi zinazodai haki mpya kwa sababu tu ziliweka mchoro chini ya skana. Umoja wa Ulaya uliamua katika maelekezo yake ya mwaka 2019 kwamba nakala aminifu ya kazi ya sanaa ambayo muda wake umekwisha haipati hakimiliki mpya. Nafurahi waliamua hivyo. Hata hivyo, soma masharti ya matumizi ya maktaba uliyochukulia, kwa sababu kukubali masharti ni mkataba, na mkataba ni kitu kingine na hakimiliki.

Na sasa ushauri ambao hukuuomba: usikate. Wewe umelelewa na enameli, mkono wako unajua kitu ambacho kompyuta ya mwanafunzi wa chuo haijui. Ivute picha karibu, uone Tingatinga alianza na doti lipi na wapi brashi yake ilikauka, kisha ufunge kompyuta na uchore.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi katika chuo kimoja cha hapa jijini. Tumekwisha kuskani picha, ramani na maandiko kadhaa, lakini ukweli ni kwamba hakuna anayeyatazama. Tungependa kuwaalika wanafunzi wa sanaa wayatumie. Tuanzie wapi, na je, hatutajuta? — Mkutubi, Kurasini

Ndugu Mkutubi, anza na vitu vichache. Maktaba zinapenda kutangaza maelfu, na mwanafunzi akikutana na maelfu hufanya kile ambacho sote hufanya sokoni tukiwa na njaa: hushika kilicho karibu. Chagua vitu 40 au 50 ambavyo wewe mwenyewe unavijua, kaa nao chumba kimoja, uwaeleze kila kimoja kilifikaje rafuni. Nimeshuhudia mwanafunzi akiipuuza ramani ya mji mpaka alipoambiwa kwamba mistari ya penseli iliyomo iliongezwa na karani aliyekuwa akipima viwanja. Tangu hapo hakuitazama ramani tena, alitazama penseli tu, na kazi yake yote ikatoka humo.

Kabla ya kuwaita, hakikisha kila faili lina maneno yanayosema wazi linaruhusiwa kutumiwaje. Hamna haja ya kutunga maneno yenu. Kuna matamko 12 ya haki ambayo maktaba za Ulaya na Marekani zilikubaliana kuyatumia tangu 2016, yanapatikana bure katika RightsStatements.org, na kuna leseni za Creative Commons kwa vile ambavyo haki yake ni yenu. Faili lisilo na tamko huwatisha wanafunzi waangalifu na halimzuii asiyejali, kwa hiyo hasara yake ni mara mbili.

Kuhusu kujuta, yategemea mnatarajia nini. British Library ilipoweka mtandaoni picha zaidi ya milioni moja mwezi Desemba 2013, zilizochomolewa na programu ya kompyuta kutoka kwenye vitabu vya karne ya 17 hadi ya 19, maktaba yenyewe haikujua kila picha inaonyesha nini. Msanii wa Marekani, David Normal, alizikusanya akatengeneza michoro mikubwa inayowashwa kwa taa kutoka ndani, ikaonyeshwa jangwani Nevada mwaka 2014, na mwaka uliofuata maktaba ikaisimamisha kwenye uwanja wake London. Makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, yalikwenda mbali zaidi, yakawahi kutoa tuzo kwa waliotengeneza vitu vipya kutokana na picha zake. Nyinyi hamna haja ya tuzo. Fanyeni tu jambo ambalo hata maktaba kubwa husahau: kazi ya mwanafunzi ikikamilika, ipokeeni, ipeni namba, na muiunganishe na rekodi ya kitu kilichoizaa, ili atakayeifungua ramani mwaka 2040 aione na kazi ya yule kijana.

Kuna sehemu moja ambayo ningewasihi muwe wakali. Katika ukanda huu tuna hazina ya maandiko ya Kiswahili na Kiarabu, kuanzia mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao orodha yake ilichapishwa 1970, hadi maandiko ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yaliyoskaniwa kwa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Kurasa hizo zina mapambo ya pembeni na mwandiko ambao mwanafunzi yeyote angeutamani. Lakini asiyesoma hati za Kiarabu hawezi kujua kama mstari aliouchukua ni wa shairi la mapenzi, hesabu ya nazi, au aya ya Kurani. Aya haiendi kwenye kitambaa ambacho mtu atakikalia. Mwekeni mtu wa kusoma kabla mtu wa kukata hajaanza, na kama mtu huyo hapatikani, ondoeni kurasa hizo kwenye zile 50.

Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimezaliwa Machame na ninaishi Tabata. Mwanangu anasoma sanaa. Wiki iliyopita mwenzake wa darasani alileta nyumbani kolaji aliyoitengeneza kwa picha ya zamani ya wamisionari, wasichana wamekaa mbele ya shule. Shangazi yangu, ambaye ana zaidi ya miaka 90, aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema wa pili kutoka kushoto ni mama yake. Kijana alikuwa amemwekea kichwa cha televisheni. Hakukusudia ubaya, lakini shangazi hakula jioni ile. Tufanye nini? — Mama, Tabata

Aleikum salaam, Mama, na umpe pole shangazi.

Kijana huyo hakuvunja sheria, na ni vizuri aambiwe hivyo kabla ya kuambiwa lolote jingine. Picha za misheni ziko wazi kwa wingi. Mkusanyo wa kimataifa wa picha za wamisionari uliopo maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, una picha za misheni ya Leipzig, ambayo ilifanya kazi Uchaggani tangu miaka ya 1890, na Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kuna mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960. Mtu yeyote anazifungua akiwa kitandani kwake. Aliyepigwa picha kwa miaka hiyo si mbali nasi kama tunavyodhani. Kwa mwanafunzi ni mtu wa kale, na kwa shangazi yako ni mama aliyemnyonyesha.

Kwa sababu hiyo huwa nawaambia wanafunzi kwamba uso ni mali ya kuombwa hata pale ambapo hakuna wa kumwomba. Majengo, majahazi, vitambaa, miti na mwandiko vibadilishwe upendavyo. Uso ukibadilishwa, awepo mtu anayeweza kusimama mbele ya ndugu wa mwenye uso huo na kueleza kwa nini. Kichwa cha televisheni, niseme ukweli, kimekwisha kuchosha hata kwenye picha ambazo hazina ndugu.

Mwiteni kijana aje, asije kuhukumiwa bali kumsikiliza shangazi. Aje na picha yenyewe kwenye simu, ile isiyoguswa, aivute karibu uso kwa uso, na amwandikie kila anachokisema: huyu ni nani, binti wa nani, shule ile ilikuwa upande gani, nguo zile zilitoka wapi. Akimtambua mmoja huenda akawatambua watatu. Kama ana akili ya msanii, hatahitaji kuambiwa kazi yake inayofuata itakuwa ipi. Ile kolaji ya kwanza, mwachieni mwenyewe aamue. Nadhani ataamua vizuri.

Kisha muiandikie maktaba. Kwenye ukurasa wa picha huwa kuna namba ya rekodi na mahali pa kuwasiliana. Taja namba hiyo, eleza kwamba mtu wa pili kutoka kushoto ametambuliwa na binti yake aliye hai, toa majina yake kamili kwa tahajia ya familia, sema ni lini shangazi amemtambua na mbele ya nani, na uombe maelezo ya picha yaongezwe. Kiingereza cha kawaida kinatosha, na mwanao atakusaidia. Kabla hujaituma, mwulize shangazi kama anataka jina la mama yake lijulikane na dunia nzima. Akikataa, barua ibaki kwenye mtoto wa meza.